Mama alipasuliwa, akapona

Leo tujifunze habari za dawa ya usingizi, ile tunayoiita nusu kaputi. Habari zenyewe tunazianza kwa jirani zetu wa kaskazini, huko Bunyoro, Uganda.

Mwaka 1879 kijana mmoja Mwingereza, Robert Felkin, alifika Kahura katika Bunyoro. Alikuwa akisomea udaktari. Huko aliona mama wa miaka kama 20 ameshindwa kujifungua mimba yake ya kwanza. Mganga wa huko akamlaza kitandani. Mama akanyweshwa pombe ya ndizi, kama hii lubisi yetu, hata akawa nusu mlevi. Akafungwa kwa nguo ya gome la mti ili asijitikise. Mganga akanawa mikono kwa pombe ile ile, akaosha na tumbo la mama. Kisha akapasua. Mtoto akatolewa hai! Damu ikazuiwa kwa chuma cha moto. Kidonda kikafungwa kwa pini saba za chuma. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Felkin aliyaandika hayo katika jarida la madaktari mwaka 1884. Kwa kuwa yaliandikwa, sisi leo tunayasoma.

Je, pombe ni dawa ya usingizi? Hapana. Ilipunguza maumivu tu, haikumlaza mama kabisa. Tena haina kipimo.

Kipimo ndiyo kazi aliyoishughulikia John Snow, mtoto wa kibarua, aliyezaliwa York, Uingereza, mwaka 1813. Alikuwa mmoja wa madaktari wa kwanza kuufanya usingizi kuwa kazi yake. Aliona kwamba dawa ikipungua, mgonjwa anaumia, ikizidi, inaua. Basi akatengeneza vyombo vya kupimia mvuke wa dawa. Mwaka 1853 alimpa Malkia Victoria kloroformu wakati wa kujifungua. Alifariki mwaka 1858.

Sasa tuje kwetu Kagondo. Mama anapelekwa hospitali, daktari anasema atapasuliwa, asile wala asinywe. Mama mkwe anamwonea huruma, anamnywesha uji kwa siri. Ndugu zangu, huruma hiyo ni hatari. Mtu aliyelala kwa dawa akitapika, matapishi huweza kuingia katika mapafu, akafa. Kwa hiyo:

1. Ukikatazwa kula na kunywa, usionje hata kidogo.
2. Kama umekwisha kula, au umekunywa pombe au dawa za kienyeji, sema kweli. Usione haya.
3. Uchungu ukikawia, mpeleke mama hospitali mapema. Msingoje usiku uingie.

Maswali
1. Mganga wa Kahura alitumia pombe kwa kazi gani mbili?
2. Kwa nini dawa ya usingizi lazima ipimwe?
3. Utamwambia nini jirani anayempelekea mgonjwa uji kwa siri?