Tikiti la Kantalupu, Tangu Shambani Hata Mezani

Tikiti liitwalo kantalupu ni jamaa ya tango, tena udugu wake na tango ni wa karibu kuliko na tikitimaji. Yasemekana jina lake latokana na Cantalupo, mahali karibu na Roma, ambako lilipandwa katika bustani za Papa. Lile liuzwalo sana siku hizi lina nyama ya rangi ya chungwa, na ngozi yake ina michoro kama wavu. Wavu huo yafaa tuuangalie sana, kwa maana waweza kuficha maradhi.

KULIMA. Mtikiti hupenda jua jingi na udongo usiotuamisha maji. Tia samadi iliyooza vizuri, kisha panda mbegu mbili tatu katika kila shimo, kina cha sentimeta 2 au 3. Zikiota, acha mche mmoja wenye nguvu. Mwagilia asubuhi, maji yaende shinani wala si juu ya majani, maana majani yaliyolowa hushikwa upesi na ukungu. Maua ya kwanza ni madume, nayo huanguka bila kuzaa, usihofu. Yazaayo hufuata, nayo yahitaji nyuki. Kwa hiyo usinyunyize dawa ya wadudu wakati nyuki wako kazini. Tandika nyasi kavu chini ya kila tunda.

KUVUNA. Baada ya miezi mitatu hivi tunda huiva. Hapo hunukia, na kikonyo huachana nalo kwa kuguswa kidogo. Usilichume kabla ya wakati ukitumaini litakuwa tamu nyumbani: litalainika, lakini sukari yake haitaongezeka.

KULA. Sehemu kubwa ya nyama yake, kama tisa katika kumi, ni maji. Tena hutupatia vitamini A na C. Lakini si kali kama limau, na kwa hiyo vijidudu hustawi ndani yake. Mwaka 2011, huko Marekani, matikiti ya shamba moja la Colorado yaliwaambukiza watu 147 ugonjwa wa listeria, na 33 kati yao walikufa. Wachunguzi walikuta maji yaliyotuama sakafuni katika banda la kufungashia, na mashine zisizosafishika kwa urahisi.

Uchafu hukaa katika wavu wa ngozi, na kisu kikipita huuingiza ndani. Basi tufanye hivi:

1. Tunawe mikono kwa sabuni.
2. Tusugue tikiti zima kwa brashi safi na maji safi yatiririkayo, kisha tulifute kwa kitambaa safi.
3. Tulikate kwa kisu kilichooshwa.
4. Tulile mara moja. Likibaki, litiwe katika friji, wala lisikae humo siku nyingi, maana listeria huongezeka hata katika baridi.

Ugonjwa huu huwadhuru zaidi wajawazito, watoto wachanga na wazee. Tukirudi nyumbani wakati wa likizo, tuwafundishe jamaa zetu kuosha tikiti kabla ya kulikata, hata kama ngozi yake hailiwi.