Dawa ya Tansio: Ilijaribiwa kwa Nani?

Mfanyakazi mwenzetu, munganga anakupima, anakuta tansio imepanda, anakuandikia dawa. Je, dawa hiyo ilijaribiwa kwa nani? Kwa miaka mingi majaribio makubwa ya dawa za moyo yalifanywa zaidi Ulaya na Marekani, na wengi wa waliojaribiwa walikuwa Wazungu wanaume.

Katika mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya jaribio liitwalo CREOLE. Wagonjwa 728, wote weusi, wa Nigeria, Kameruni, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika ya Kusini, walipangwa kwa kura katika makundi 3, kila kundi na dawa zake 2, kwa miezi 6. Makundi 2 yenye amlodipini tansio yao ilishuka zaidi kuliko kundi la perindoprili na hidroklorotiazidi. Kongo yetu haikuwamo.

Siku waganga watakapokuomba uingie katika jaribio, usikimbie, wala usitie sahihi upesi. Uliza: hatari yake ni nini? Nikiumwa, nani atanitunza? (Wengine hawapendi maswali, wewe uliza tu.) Una haki ya kukataa, hata kutoka katikati, bila kunyimwa matunzo yako ya kawaida. Mke wako akiombwa, ajibu mwenyewe.

Na dawa unayokunywa leo usiiache kabla ya kuonana na munganga.