Somo la Wiki: Alivunja, Alivunjika au Alivunjwa?



Wiki hii tunasoma habari za mwendesha pikipiki wa mashindano. Maisha yake yamejaa kuanguka, kuumia na kupona, na vitenzi hivyo ndivyo vinavyowapa taabu watoto wetu wengi.

Kusoma

Sam Ermolenko alizaliwa California mwaka 1960. Alishindana katika spidiwei, mchezo wa pikipiki zenye gia moja na zisizo na breki. Waendeshaji wanne huzunguka uwanja wa udongo mara nne, na kona zote hukatwa kushoto. Kwenye kona gurudumu la nyuma huachwa liteleze kwa makusudi, huku mwendeshaji akiburuza mguu wa kushoto uliovaa kiatu cha chuma. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Sam alishindana pia katika mbio za njia ndefu. Hizo hufanana na spidiwei, ila uwanja unaweza kufika mita 1,000 na mwendo ni mkali zaidi.

Akiwa kijana, Sam aliumia vibaya mguu katika ajali ya pikipiki. Akapona, akaenda kushindana Uingereza. Mwaka 1985, kwenye fainali ya dunia mjini Bradford, watu watatu walilingana pointi. Wakarudia mbio, Sam akawa wa tatu. Mwaka 1989 alianguka katika mbio za njia ndefu huko Herxheim, Ujerumani, akavunjika mguu. Miaka minne baadaye, 1993, katika mji wa Pocking, Ujerumani hiyohiyo, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 32. Sasa amestaafu.

Sarufi

Wengi wenu husema "Sam alivunja mguu wake", kwa kufuata Kiingereza. Kwa Kiswahili mtu huvunja kikombe, fimbo au ahadi. Ukipata ajali, wewe umevunjika mguu. Hakuna haja ya kuongeza "wangu". Ungekuwa mguu wa nani mwingine?

- Juma alivunja kikombe. (Alifanya kitendo.)
- Sam alivunjika mguu. (Jambo lilimpata.)
- Mlango ulivunjwa na wezi. (Yupo aliyeuvunja.)

Angalieni pia: *angusha, anguka, angushwa*, *umiza, umia, umizwa*.

Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akisema "nilianguka", tunamuuliza kama aliteleza au alipata kizunguzungu. Akisema "niliangushwa", tunamuuliza ni nani aliyemwangusha, na kama yuko salama nyumbani. Mwisho wa neno hubadilisha maswali yote. Bibi aliyeteleza kwenye barafu asigeuzwe mtu aliyepigwa, na aliyepigwa asiandikwe kuwa aliteleza tu.

Mazoezi

Chagua neno sahihi:

1. Barafu ilikuwa nyingi, babu (alianguka / aliangusha).
2. Amina (aliangusha / alianguka) sahani jikoni.
3. Dada yangu (alivunja / alivunjika) mkono akicheza mpira.
4. Mtoto (aliumia / aliumizwa) na mwenzake aliyemsukuma.

Jibu kwa sentensi kamili:

5. Pikipiki ya spidiwei ina tofauti gani na ya barabarani?
6. Ilimchukua Sam miaka mingapi kutoka kuvunjika mguu hadi kuwa bingwa?

Kwa wazazi

Mkiwa hospitali, ombeni mkalimani. Ni haki yenu na hamlipi kitu. Msimwachie mtoto kazi hiyo, hata kama Kiingereza chake ni kizuri.

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi amwombe mtu mzima amsimulie safari moja ya pikipiki (boda au moto, mnavyoiita kwenu), kisha aandike sentensi tano. Atumie "anguka" au "umia" angalau mara moja, hata kama ni kusema "hatukuanguka".

Tukutane Jumamosi.