Kumwandaa Mwalimu Tarajali Kumtia Ari Mwanafunzi Mzito: Mfano wa Somo la Ushairi

1.0 Utangulizi

Malalamiko yanayosikika mara kwa mara kutoka kwa walimu tarajali wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha ni kwamba wapo wanafunzi wasiotaka kujifunza. Ushairi ndio utanzu unaotajwa sana. Mwanafunzi huketi nyuma, hunakili maelezo ya ubaoni, kisha hukwepa shairi kila apatapo mwanya. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya tatu ya Kiswahili ni ya fasihi nayo ina alama 80. Swali moja la ushairi ni alama 20. Kwa hivyo, anayelichukia shairi anaweza kupoteza alama sawa na robo ya karatasi hiyo, na zaidi ya alama, hupoteza hazina kongwe ya lugha yake ya taifa.

Makala haya yanashikilia kwamba uzito wa mwanafunzi si hulka aliyozaliwa nayo, bali ni hali yenye chanzo, na kwamba mwalimu anaweza kufundishwa namna ya kukitambua na kukikabili chanzo hicho. Tatizo ni kuwa mafunzo ya ualimu huzingatia mno maudhui na andalio la somo, huku suala la ari likiachiwa kipawa cha mtu binafsi.

2.0 Chanzo cha Uzito

Edward Deci na Richard Ryan, katika nadharia waliyoifafanua mwaka wa 1985 na kuiendeleza baadaye, wanaeleza kwamba ari ya ndani hustawi pale mahitaji matatu ya binadamu yanapotoshelezwa: kujiamulia, kujiona anaweza, na kuhusiana vyema na wenzake. Nadharia hii yafaa kulichunguza darasa la ushairi.

Kwanza, mwanafunzi hana uhuru wa kuamua lolote. Shairi huchaguliwa na mwalimu, maana hutolewa na mwalimu, na jibu sahihi ni moja. Pili, hajioni kuwa anaweza. Kabla hajausikia mdundo wa shairi, hurundikiwa istilahi: mizani, vina, ukwapi, utao, kibwagizo, inkisari, mazida, tabdila. Tatu, uhusiano wake na darasa umejaa aibu. Kwa Wakenya wengi, Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Anayeathiriwa na lugha ya mama katika matamshi huchekwa anaposoma kwa sauti, naye hujifunza haraka kwamba kimya ni ngao.

Aibu hii ina historia. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, Decolonising the Mind, anasimulia jinsi wanafunzi wa shule za kikoloni walivyoadhibiwa na kufedheheshwa kwa kusema Kikuyu. Lugha iliyokuwa ikitetewa wakati huo ilikuwa Kiingereza, lakini funzo ni lile lile: lugha ikihusishwa na fedheha, mwanafunzi huikimbia. Hata Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mwanafunzi kutendewa ukatili au kudhalilishwa, kimwili na kisaikolojia. Dhihaka ya mwalimu mbele ya darasa haipaswi kuchukuliwa kuwa mzaha tu.

3.0 Matarajio ya Mwalimu

Mwaka wa 1968, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha utafiti uliofanywa katika shule moja ya msingi huko California. Walimu waliambiwa kwamba wanafunzi fulani wangepiga hatua kubwa, ilhali wanafunzi hao walikuwa wameteuliwa kiholela. Katika madarasa ya chini, wateuliwa hao walionekana kupanda zaidi ya wenzao. Matokeo hayo yamezua ubishi mkubwa miongoni mwa wataalamu. Hata hivyo, swali lililoibuliwa lingali na uzito. Mwalimu anayeamini kuwa fulani ni mvivu humwuliza maswali machache, humpa muda mfupi wa kufikiri, na humsahihisha kwa ukali. Mwishowe mwanafunzi huufanana ule uvivu aliobandikwa.

4.0 Mafunzo Yanayopendekezwa

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewapotosha walimu wengi wa fasihi, wakadhani shairi zuri litajiuza lenyewe darasani. Mwalimu tarajali anahitaji mazoezi ya aina tatu.

La kwanza ni kuchunguza kabla ya kuhukumu. Kila mwalimu tarajali amteue mwanafunzi mmoja aliye kimya, amfuatilie kwa majuma kadhaa, na aandike ni lini anashiriki na ni lini anajiondoa. Maandishi haya yahifadhiwe kwa siri, kwani lengo ni kumwelewa mwanafunzi wala si kumshtaki.

La pili ni kuanza na utendaji, kisha istilahi. Katika darasa dogo la majaribio chuoni, mwalimu tarajali aandike mshororo mmoja ubaoni, kwa mfano: "Basi limejaa tele, abiria twasongana." Wanafunzi waupige kwa makofi, wahesabu silabi nane kila upande, kisha wakiwa wawili wawili watunge mshororo wa pili unaokomea kwa -le na -na. Wachague wenyewe watamsema nani: utingo, dereva au abiria. Baada ya kutunga ndipo waambiwe kwamba walichohesabu ni mizani na walichokitafuta ni vina. Hapo mahitaji yote matatu yameguswa: wamechagua, wameweza, na wameshirikiana. Anayeona haya kusoma peke yake husoma pamoja na mwenzake.

La tatu ni namna ya kujibu kosa. Mwalimu tarajali azoeshwe kusubiri baada ya kuuliza, kutaja kilicho sahihi katika jibu lenye kasoro, na kumwelekeza mwanafunzi kulikamilisha. Sifa ziwe mahususi. "Kina chako cha kati kimelingana" ni kauli inayofunza. "Vizuri sana" haimwambii mwanafunzi alichofanya.

5.0 Hitimisho

Yapo mambo yasiyotatulika kwa mbinu za darasani pekee: njaa, karo, msongamano, na uhaba wa vitabu. Mwalimu asibebeshwe lawama ya yote hayo. Hata hivyo, dakika arubaini za kipindi ziko mikononi mwake. Wahadhiri wanaowakagua walimu tarajali nao wana wajibu. Ikiwa tathmini itaishia kwenye andalio la somo, matumizi ya ubao na ufasaha wa mwalimu, basi mwalimu atafundisha kwa ajili ya mkaguzi. Fomu ya tathmini iwe na swali moja zaidi: je, mwanafunzi aliyeketi nyuma alifanya nini leo? Swali hilo likiulizwa kila mara, mwalimu tarajali atalazimika kumtazama mwanafunzi huyo, na kumtazama ndiyo hatua ya kwanza ya kumfundisha.