Mwanaanga na Akili Yake



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza: mtu akikaa angani miezi, akili yake hubaki ilivyo? Mimi nasoma fiziolojia, lakini nilijibu kwa kubahatisha kwamba uzito ukikosekana ubongo huchoka. Nilirudi bwenini na aibu yangu, nikasoma. Hili ndilo jibu nililokuwa nikidaiwa.

Scott Kelly wa Marekani alikaa siku 340 katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, 2015 hadi 2016. Pacha wake Mark, naye mwanaanga, alibaki ardhini, na wote wakapewa majaribio yaleyale ya kompyuta ya kumbukumbu, umakini na kupima hatari. Nilitarajia Scott aporomoke akiwa huko juu. Sivyo. Kwa jumla alijimudu; kasi na usahihi wake vilishuka aliporudi, kwa takribani miezi sita. Mtu mmoja hatoshi kuwa hukumu, bila shaka. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya wanaanga 25: wakiwa angani, kasi yao ya kuchakata habari ilipungua, ila hawakuonekana kupata madhara ya kudumu. Yaani jibu lilikuja, lakini lilichelewa.

Kwa nini? Mimi naanza na usingizi. Kituo huzunguka dunia mara 16 hivi kwa saa 24, basi jua huchomoza mara 16. Wanaanga hupangiwa saa nane na nusu za kulala, wakaambulia kama sita. Ongeza kelele za mitambo, kaboni dioksidi nyingi, na maji ya mwili kupanda kichwani. Yote huja pamoja, ndiyo maana jibu langu la uzito peke yake lilikuwa la haraka mno.

Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipopaa Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, wanazuoni wa kwao walishaandaa mwongozo: swala tano kwa saa 24, kwa nyakati za mahali aliporushwa. Kituo nacho hufuata saa ya Greenwich, si machweo 16. Mwili unahitaji siku moja tu.

Yule ndugu kanirudia: na sisi tunaokesha wiki ya mitihani? Tumekubaliana kujipima kwa programu ya simu, ile ya kubonyeza taa inapowaka, asubuhi tano baada ya kulala vizuri na tano baada ya kukesha. Anayetaka kuungana nasi, tuonane Ijumaa baada ya Alasiri.