SOMO: FAILI HAIJAFIKA MPAKA UMEIPIMA



Leo tutasoma juu ya kazi moja yenye vijana wa Masisi na Walikale wanaipenda sana, ndiyo kuflashi simu. Kuflashi ni kutoa programu kubwa ya ndani, ile yenye inaamsha simu na kuitawala, na kuweka ingine kutoka kompyuta kwa njia ya kable. Watu wanaleta simu kwa fundi kwa sababu inawaka na kuzimika, ao inasimama ku jina la kampuni bila kuendelea, ao imejaa virusi. Fundi mwenye kujua anaiponyesha. Fundi mwenye haraka anaiua kabisa: haiwaki tena, na hata kompyuta haiioni.

Kwetu simu si mapambo. Tangu vita ya 2024 na 2025 jamaa nyingi zimetawanyika: baba ako Goma, mama alibaki Mweso, watoto wako Pinga ao Itebero. Ndani ya simu kuko nambari za wote na picha za wenye hatutawaona tena. Feza za M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ziko ku laini, lakini bila simu mama hawezi kuzitoa siku hiyo. Basi kijana mwenye kushika simu ya mtu ameshika nyumba ya mtu. Kosa linaweza kutoka ku kable mbaya ao batri tupu, lakini leo tuangalie kosa lenye kutoka ku faili.

1. FAILI INATEMBEA NAMNA GANI

Programu kamili ya simu ya siku hizi inaweza kupita gigabaiti 2. Kwetu rezo ni haba na mega ni za bei. Kwa hiyo mtu anaipakua Goma ao Bukavu, anaiweka ku flashi ao ku kadi memwari, anaituma kwa motari ao kwa msafiri. Mpaka ifike mezani pa fundi, imepita mikono minne ao mitano. Njiani inaweza kupata hasara za namna nne:

a) Intaneti ilikatika mbele ya mwisho. Jina la faili liko, lakini sehemu ya nyuma haiko.

b) Mtu alichomoa flashi mbio. Kompyuta mara nyingi inasema imemaliza, kumbe ingali inaandika. Ndiyo maana kuko ile amri ya kuondoa flashi kwa salama.

c) Kadi ni ya uongo. Inje imeandikwa 64, ndani ni 8 tu. Ukijaza zaidi ya 8, majina ya faili yanaonekana vizuri, lakini vitu vya ndani vimepotea.

d) Mtu aliibadilisha kwa kusudi, akaweka programu ya kuiba.

Ku macho, zote nne zinafanana na faili nzima. Jina ni lilelile. Katika hasara ya tatu na ya ine hata ukubwa unaweza kuwa uleule.

2. ETIKETE NA KITU CHA NDANI

Wengi wetu tumeona mifuko ya madini. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, inatoa tantali, na tantali inaingia katika vipande vidogo vyenye vinatunza umeme ndani ya simu. Kasiterite ya Bisie, katika Walikale, inatoa bati, na bati ndiyo inashikamanisha vipande hivyo. Kwa miaka mingi mifuko ilifungwa etikete ya plastiki yenye nambari, na nambari iliandikwa katika kitabu, kusudi mnunuzi ajue mfuko umetoka shimo gani.

Mpango ule ulikuwa na sababu nzuri, lakini etikete inafungwa inje ya mfuko. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika zaidi ya mara moja juu ya etikete zenye ziliuzwa na kufungwa ku mifuko ya mahali pengine. Nambari ilikuwa ya kweli, madini yalikuwa ya kwingine.

Jina la faili ni etikete. Mtu yeyote anaweza kulibadilisha kwa dakika moja. Tunahitaji alama yenye haifungwi inje, alama yenye inatoka katika kitu cha ndani chenyewe: kitu kikibadilika, alama nayo inabadilika. Tuanze na alama ndogo yenye tunaweza kuihesabu kwa kalamu.

3. TUHESABU KWA MKONO

Andika *#06# ku simu yako. Utaona nambari ya tarakimu 15, ndiyo IMEI, nambari ya kuzaliwa ya simu. Tarakimu 14 za kwanza zinaeleza simu. Ya 15 ni ya kupimia tu. Hesabu yake ilitungwa na Hans Peter Luhn wa kampuni IBM, mwenye aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1954.

Tuseme tarakimu 14 ni 12345678901234.

Chukua zile za nafasi ya 2, ya 4, ya 6, mpaka ya 14: ni 2, 4, 6, 8, 0, 2, 4. Zidisha kila moja mara mbili: 4, 8, 12, 16, 0, 4, 8. Yenye inapita 9, jumlisha tarakimu zake: 12 inakuwa 3, na 16 inakuwa 7. Jumla: 4+8+3+7+0+4+8 = 34.

Zile zingine haziguswi: 1+3+5+7+9+1+3 = 29.

34+29 = 63. Ili kufika 70 inabaki 7. Basi tarakimu ya 15 ni 7, na nambari kamili ni 123456789012347.

Sasa kosea tarakimu moja tu: ya 4 iwe 5. Zidisha mara mbili: 10, inakuwa 1. Jumla inashuka mpaka 56, na tarakimu ya kupimia inakuwa 4. Si 7. Kosa limeonekana.

Lakini geuza ile 90 ya katikati iwe 09. Hesabu tena: jumla ni 63 vilevile, na tarakimu ni 7 vilevile. Kosa limepita bila kuonekana! Hapo tunajifunza neno kubwa: alama fupi inakamata makosa mengi, haikamati yote. Tarakimu moja iko na nafasi 10 tu. Kwa faili ya gigabaiti 2 tunahitaji alama ndefu sana.

4. ALAMA YA KIDOLE YA FAILI

Kompyuta inaweza kusoma faili nzima, mwanzo mpaka mwisho, na kutoa alama moja, sawa vile kidole cha mtu kinaacha alama ku karatasi. Njia ya zamani inaitwa MD5. Inatoa herufi na tarakimu 32. Ingali inatumiwa, na inaonyesha vizuri ajali za njia. Lakini mwaka 2004 bibi Wang Xiaoyun wa China na wenzake walionyesha kwamba mtu anaweza kutengeneza vitu viwili mbalimbali vyenye MD5 moja. Kwa hiyo juu ya mwizi mwenye akili MD5 haitoshi.

Leo tutumie SHA-256. Inatoa alama 64, za 0 mpaka 9 na za a mpaka f. Hesabu ya alama zote zenye zinawezekana ni 2 kwa nguvu ya 256, ndiyo nambari ya tarakimu 78. Ukibadilisha herufi moja tu ndani ya faili, alama nzima inageuka.

Ku Windows fungua dirisha la amri, ingia katika foda yenye faili, uandike:

certutil -hashfile programu.zip SHA256

Ku Linux:

sha256sum programu.zip

Ku Linux, ukiona alama yenye kuanza na e3b0c442, simama: hiyo ni alama ya faili tupu, yenye haina kitu ndani.

Angalisho moja: ukipima faili mara tu nyuma ya kuinakili ku flashi, kompyuta inaweza kusoma kumbukumbu yake yenyewe, si flashi. Chomoa flashi kwa salama, irudishe, kiisha upime.

5. NJIA MBILI, MASHAHIDI WAWILI

Sheria ya Musa haikukubali neno la shahidi mmoja. Ilitaka wawili ao watatu. Ni vilevile hapa. Kama faili na alama yake vinakuja pamoja ku flashi moja, ni shahidi mmoja mwenye kusema mara mbili. Mtu mwenye aliharibu faili aliweza kuandika na alama mpya.

Mwezi wa pili 2016 wezi waliingia ku ukurasa wa Linux Mint, programu yenye watu wengi duniani wanaitumia ku kompyuta. Walielekeza wapakuaji ku faili ingine yenye mlango wa siri. Jina lilikuwa la kweli, mahali palikuwa pa kweli. Viongozi wa kazi ile walitangaza alama sahihi, kusudi kila mtu alinganishe na kujua kama amepata ile mbaya.

Sisi wa Masisi na Walikale tuko na njia nyepesi. SMS moja inabeba herufi 160; alama ya SHA-256 ni 64 tu. Hata penye rezo inakuja na kwenda, SMS inapita. Basi faili isafiri kwa moto, alama isafiri kwa SMS. Mwenye kupakua Goma asome alama ku ukurasa wa mtengenezaji, alinganishe, kiisha akutumie. Kama mtengenezaji hakuandika alama, apime yeye mwenyewe mbele ya kukabizi flashi. Wewe ukipata flashi unapima, unalinganisha zote 64, si nne za kwanza tu.

Faili nyingi za Samsung zinaishia na .tar.md5, na programu Odin inazipima yenyewe mbele ya kuandika. Ni vizuri, lakini alama ile inasafiri ndani ya faili ileile. Inalinda juu ya ajali ya njia. Haichukui nafasi ya shahidi wa pili.

Tena tusidanganyike: alama inasema faili ni ileile, haisemi kwamba mwenye aliitengeneza ni mwaminifu. Mwaka 2020 wachunguzi wa Secure-D walitangaza kwamba simu za namna ya Tecno W2, zenye ziliuzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zilikutwa na virusi Triada na xHelper tangu dukani. Kampuni ilisema vilitoka kwa mtu wa kati. Kwa hiyo uliza pia faili inatoka kwa nani.

6. UTARATIBU WA KAZI

Kwanza, uliza simu ni ya nani. Simu ya wizi usiiguse, na IMEI usiibadilishe kusudi kuficha mwizi.

Pili, nakili picha na nambari za mwenyewe ku kompyuta. Hapo pia pima: fungua picha kadhaa, hesabu faili za pande zote mbili. Kufungua kufuli ya programu ya kuamsha simu kunafuta vyote, na hakuna kuomba tena.

Tatu, andika IMEI zote ku karatasi. Simu ya laini mbili iko na IMEI mbili.

Ine, soma namna kamili ya simu, herufi kwa herufi. Faili nzima ya simu ingine ni mbaya sawa na faili yenye kukatika.

Tano, pima SHA-256 na ulinganishe na ya SMS. Ikikataa, hata kwa herufi moja, usiendelee. Rudia kunakili, upime tena.

Sita, jaza batri, shika kable nzuri. Kwa simu nyingi za MediaTek watu wanatumia SP Flash Tool: chagua "Download Only". Ile "Format All" inaweza kufuta hata mahali pa IMEI, na simu bila IMEI haipati rezo.

Saba, kazi ikiisha andika *#06# na ulinganishe na karatasi. Kiisha piga simu moja mbele ya mwenyewe.

Kupima faili ya gigabaiti 2 kunachukua dakika chache. Mteja atakuambia: fanya mbio. Mjibu kwa heshima: «Mama, ungojee kidogo, ningali ninahakikisha.» Mama mwenye ametembea toka Kitshanga na simu yake moja atakubali kungojea dakika hizo.

MASWALI

1. Tafuta tarakimu ya 15 kama 14 za kwanza ni 98765432109876.
2. Eleza juu ya nini jina na ukubwa wa faili havitoshi kuwa ushuhuda.
3. Rafiki anakuletea flashi yenye faili pamoja na karatasi ya alama. Alama zinalingana. Nini ingali inapungua?
4. Tarakimu ya IMEI haikuona kugeuzwa kwa 90 kuwa 09. Tafuta kama inaona kugeuzwa kwa 80 kuwa 08, na uonyeshe hesabu.