Boma lisilo na stima wala bomba, Mukuyuni

Mukuyuni, katika kaunti ya Makueni, lilikuwa jina la mti kabla ya kuwa jina la soko. Mkuyu hupenda kuota pale maji yalipo karibu na uso wa ardhi, mabondeni na kandokando ya vijito, na wazee wa Ukambani waliuheshimu kiasi cha kutolea sadaka chini yake. Anayetaka kuishi huku bila nyaya za stima wala bomba la maji angeanza kwa kulitafakari jina hilo. Maji ndiyo huamua boma likae wapi, mwanga hufuata. Wengi wanaohama kutoka Nairobi huanza kinyume: hununua paneli ya sola, husimika, huwasha taa na kupiga picha, kisha Agosti ikifika wanajikuta wakinunua maji mtungi kwa mtungi kutoka kwa mwenye punda.

Ukambani una misimu miwili ya mvua. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mgeni kutoka maeneo mengine ya Kenya huipa masika uzito kwa mazoea, lakini wakulima wa Makueni na Kitui hutegemea zaidi mvua ya vuli. Kati ya mwisho wa Mei na matone ya kwanza ya vuli kuna siku zipatazo 150 za kiangazi, na hizo ndizo zinazopaswa kupigiwa hesabu kabla ya jiwe la kwanza la nyumba kuwekwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya mabati hutoa lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 50, msimu ukileta milimita 250, hupokea lita 12,500. Toa sehemu ya tano inayorukia nje, kuvuja na kukauka, zinabaki lita 10,000, yaani tangi moja kubwa limejaa. Upande wa matumizi, watu watano wakitumia lita 15 kila mmoja kwa siku humaliza lita 75, na kwa siku 150 ni lita 11,250. Tangi halifiki. Na hapo mbuzi, kuku na miche ya maembe bado hawajahesabiwa. Ndiyo maana boma linalojua linachofanya huweka maji ya paa kwa ajili ya kunywa na kupika tu, na ya kufulia, kuogea na kunyweshea huyatafuta kwingine.

Gata lazima liinamie upande wa tangi, hata kama ni kidogo tu, maana maji yakituama humo mbu huzaliana. Mvua ya kwanza isiruhusiwe kuingia: huosha vumbi, majani na mavi ya ndege yaliyokaa juu ya paa miezi mitano. Mafundi wengi huweka kipande cha bomba kinachoning'inia chenye kifuniko chini. Kikijaa uchafu ndipo maji safi hupita kwenda tangini, na baada ya mvua kifuniko hufunguliwa. Wavu uzibe kila tundu na mwanga usipenye, kwa sababu ukungu wa kijani hauoti gizani. Kujua kilichobaki hakuhitaji kupanda ngazi. Jua likiwa kali, mtu hupitisha kiganja ubavuni mwa tangi la plastiki kutoka juu kwenda chini: palipo tupu ni pa moto, na pale ubaridi unapoanza ndipo maji yalipo. Watoto wa boma hujifunza jambo hili kabla ya kujua kusoma saa, na mtoto aliyegusa tangi mwenyewe asubuhi haambiwi tena afunge mfereji.

Maji ya pili yako mtoni, ingawa mgeni akiutazama mto Agosti huona mchanga mtupu. Mito mingi ya Ukambani hupita maji siku chache kwa mwaka, kisha hukauka juu na kubaki na unyevu chini. Mchotaji huchimba kwa mikono na kibuyu au bakuli mpaka mchanga ubadilike rangi, hungoja, na maji hujipenyeza polepole yakiwa yamechujwa. Kisima hicho huzungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasikivuruge, na huwa na wenyewe hata pasipo hati yoyote; kuchota bila kuomba ni kukosa adabu. Maji hayo, hata yakionekana meupe, huchemshwa. Pasipo kuni za kutosha, chupa za plastiki angavu hujazwa na kulazwa juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo ikiwa kuna mawingu.

Kwa hiyo mchanga ni tangi pia. Mchanga ulioshiba hubeba maji kati ya robo na theluthi ya ujazo wake, pengine zaidi kidogo, na jua haliwezi kuyafikia. Malori yakiuzoa kwenda kujenga mijini, mto hubaki mwamba na visima hukauka. Makueni ilipitisha sheria ya kaunti ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na Kitui ikapiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti mwaka 2018. Anayenunua ploti karibu na mto afanye vyema kuuliza kwanza kama malori bado hupita usiku.

Chakula cha boma la namna hii ni kile kinachovumilia kiangazi na kukaa ghalani: mbaazi, kunde, ndengu, mtama, na mahindi kwa kuwa watu hawako tayari kuyaacha. Mbaazi ndiyo bora kuliko zote, kwa maoni ya anayeandika haya. Hupandwa mvua ya vuli, huvunwa karibu Julai na Agosti wakati mengine yote yamekauka, na mabua yake huwa kuni. Mahindi yaliyokobolewa, muthokoi, hupikwa pamoja na kunde au mbaazi, lakini huchukua saa nyingi jikoni. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza kuni. Sufuria ikichemka vizuri, huondolewa motoni na kuzamishwa katika kapu lililojazwa matambara au blanketi kuukuu, ifunikwe kabisa, nacho chakula huendelea kuiva peke yake hadi watu warudi shambani.

Ghala ndilo mahali ambapo uzembe huua, na hapa neno kuua halitumiwi kwa chumvi. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalishika kuvu katika Makueni, Kitui na wilaya jirani. Sumukuvu, yaani aflatoksini, iliwapata watu 317, na 125 kati yao walikufa. Mahindi hayo hayakuwa yametoka mbali. Mengi yalikuwa yamelimwa na kuhifadhiwa nyumbani na wale wale walioyala. Kukausha juu ya udongo mtupu hakufai. Turubai ni lazima. Na jino si kipimo. Kipimo ni chumvi: chupa safi ya glasi iliyokauka hutiwa chumvi kavu vijiko vichache na konzi ya mahindi, hutikiswa dakika chache, kisha huachwa itulie. Chumvi ikinata kwenye glasi, mahindi bado yana maji na yarudi juani. Ikibaki chini bila kunata, yanaweza kuwekwa. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huwamaliza dumuzi, ambao wakulima wengi wa Kenya huwaita Osama kwa namna wanavyoangamiza gunia, lakini haiwezi kuyaponya mahindi yaliyoingia mabichi.

Choo cha shimo kikae mbali na kisima, mita 30 au zaidi, upande wa chini wa mteremko. Bomba la hewa lipande juu ya paa na liwe na wavu. Nzi hufuata mwanga wa bomba na kufia huko.

Ndipo sasa stima. Si kila aliye nje ya mtandao wa umeme amechagua. Mradi wa serikali wa Last Mile, ulioanza 2015, ulishusha ada ya kuunganishwa hadi shilingi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Boma lililo ng'ambo ya pili ya kilima lilibaki na koroboi. Kwa maboma kama hayo M-KOPA, iliyoanza 2012, ilileta sola ya kulipia kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, na mwenye koroboi akaanza kuwa mwenye taa. Wanaochagua kwa hiari huvutwa na jambo dogo kuliko wanavyolitangaza: hakuna tokeni ya kununua saa nne usiku, na giza la nje ni giza kweli, lenye nyota.

Paneli ya wati 50 katika saa tano za jua zuri hutoa saa-wati 250. Baada ya upotevu zinabaki kama 180. Taa nne za wati 5 kwa saa nne ni 80. Simu tatu ni kama 30, redio 30 nyingine. Jumla 140, na boma linalala vizuri. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa tatu huongeza 60, na hesabu inavunjika. Betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampea 40 ina saa-wati 480, ila isishushwe chini ya nusu. Mwandishi wa makala haya aliiua yake ya kwanza katika miezi minane, kwa sababu wageni wa Krismasi walitaka mpira na hakuna aliyekuwa na uso wa kuzima. Makueni iko karibu digrii mbili kusini mwa ikweta, hivyo paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kidogo tu, ili vumbi liteleze na mvua. Maelekezo ya video za Ulaya yanayosema kusini yasifuatwe. Julai vilima hufunikwa na mawingu asubuhi nzima. Mwezi ambao tangi linapungua ndio ambao betri nayo inadhoofika.

Kinachobaki ndicho kigumu zaidi kwa aliyekuja akiwa na wazo la kujitegemea. Mteremko usiopigwa matuta hauwezi kulisha mtu, na matuta hayachimbwi na mtu mmoja. Fanya juu, mtindo uliopewa jina la Kiswahili hata katika vitabu vya wataalamu, ni mtaro unaofuata usawa wa mlima huku udongo ukirushwa upande wa juu, ukajenga ukingo unaogeuka kuwa ngazi mvua baada ya mvua. Watu wa Machakos na Makueni wamechimba mitaro hiyo kwa mwethya, yaani kundi la majirani linalozunguka shamba hadi shamba. Kwa njia hiyo hiyo kundi la Utooni, lililoanzishwa na Joshua Mukusya na wenzake mwaka 1978, lilianza kujenga kuta za mawe na saruji kukata mito mikavu, ili mchanga ujikusanye nyuma yake na maji yakae ndani. Ukuta haufanyi kazi siku ya kwanza. Huhitaji msimu mmoja, mara nyingine minne, mchanga ujae.

Mgeni huingia mwethya kwa kufika na jembe lake saa moja asubuhi katika shamba la mwingine. Haulizi zamu yake ni lini. Asiyeweza kuchimba huleta maji au chungu cha isyo, yaani mahindi na maharagwe, na asiyefika bila sababu hutozwa faini ndogo ambayo kila mtu hujua ni kiasi gani isipokuwa yeye. Zamu ya mgeni huja baada ya mashamba kadhaa, kwa kawaida kabla ya vuli, ardhi ikiwa ngumu kama tofali. Siku hiyo yeye ndiye apikaye, na muthokoi wake uwe umelowekwa tangu jana.